Koti la rubani linapougua: kusoma dalili kabla ya kushika dawa

Koti la rubani la mwaka 1942 ni vitu vingi vilivyoshonwa pamoja: ngozi ya farasi au ya kondoo, sufu iliyofumwa kwenye ncha za mikono na kiunoni, bitana ya pamba au hariri, zipu ya chuma, vifungo vya shaba. Ongeza kofia, miwani na barakoa ya oksijeni, na hapo unaingia kwenye mpira, vioo vya tabaka na plastiki za mwanzo kabisa. Kila kimoja huzeeka kwa njia yake, na dawa ya kimoja huweza kukiua kilicho jirani yake. Ndiyo maana mavazi yaliyookoka vita na miaka 80 ya kukaa kabatini huharibika ndani ya wiki moja mikononi mwa mtu anayeyapenda: kapaka kiwi, kaongeza mafuta ya nazi, kafua kwa sabuni ya unga, kaanika juani.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kile unachokiona, unachokigusa au unachokinusa. Karibu kila dalili iliyomo ina vyanzo viwili au vitatu vinavyofanana kwa macho lakini vinataka hatua zinazopingana. Kuvitenganisha ndiyo kazi yenyewe. Yanayofuata baada ya hapo mara nyingi ni madogo.

Unga mweupe juu ya ngozi

Hii ndiyo dalili inayowasumbua zaidi wenzetu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Jaketi linatolewa kabatini, mgongoni kuna utando mweupe. Mtu anasema "koga" na kukimbilia siki au spiriti. Huenda ni koga kweli. Lakini huenda ni mafuta ya ngozi yenyewe, na huenda ni chumvi ya jasho.

Chukua mashine ya kukaushia nywele, iweke kwenye joto la chini kabisa, uipitishe kwa umbali wa shibiri moja juu ya sehemu ndogo iliyojificha, kwa mfano chini ya ukosi. Sekunde chache zinatosha. Utando ukiyeyuka na ngozi ikarudia rangi yake, hayo ni mafuta. Ni yale yaliyotiwa ngozi ilipokuwa ikitengenezwa, au yaliyopakwa na waliomiliki jaketi kabla yako, yanapanda juu na kuganda ngozi inapopoa. Huonekana sana kwenye vyumba ambavyo kiyoyozi huwashwa na kuzimwa kila siku. Koga haiyeyuki. Kwenye lenzi ya kukuzia utaiona ina nyuzinyuzi, nayo hukaa kwa mabaka ya duara na kunuka chumba kilichofungwa muda mrefu. Chumvi nayo haiyeyuki kwa joto, ila hufutika mara moja kwa kipamba chenye unyevu kidogo, na hukaa pale pale jasho lilipokuwa: ukosini, kwapani, kwenye ukanda wa kidevu wa kofia.

Kipimo hiki cha joto usikifanye kwenye ngozi iliyoanza kumomonyoka. Ngozi iliyochoka sana husinyaa kwa joto dogo ambalo ngozi nzima ingelivumilia, na ikisinyaa hairudi.

Kama ni mafuta, futa kwa kitambaa laini kikavu na uache kupaka chochote. Yatarudi, utafuta tena, na baada ya muda yatapungua. Kuongeza mafuta mengine juu yake ni kulisha tatizo.

Kama ni koga, itenge nguo hiyo na nyingine papo hapo, ndani ya mfuko, kisha ipeleke mahali pakavu penye hewa na kivuli. Usiipige brashi ikiwa bado mbichi, maana utaisugua ndani ya vinyweleo vya ngozi na kuisambaza chumba kizima. Ikishakauka na kuwa unga, vaa barakoa ya kukinga vumbi, toka nje, na uiondoe kwa brashi laini ya kuchorea huku kifyonza vumbi kikiwa karibu. Spiriti huua kuvu, ila huondoa pia rangi ya juu ya majaketi mengi ya zamani. Nisingeitumia kwenye ngozi iliyopakwa rangi bila kujaribu kwanza ndani ya mfuko wa koti.

Baada ya hapo ushughulikie chanzo. Kuvu huota pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 65, na miji yetu ya pwani hupita kiwango hicho miezi mingi ya mwaka. Ngozi na sufu hukaa vizuri kati ya asilimia 45 na 55. Kwa mtu asiye na chumba cha kudhibitiwa, njia inayowezekana ni sanduku la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana vizuri, chembe za silika jeli ndani ya mfuko wa kitambaa, na kipima unyevu kidogo unachoweza kukisoma bila kufungua. Silika ikijaa maji hukaushwa kwenye oveni na kutumika tena. Usiizidishe: ukishuka chini sana ngozi hukakamaa. Na sanduku lisiegemee ukuta wa nje wa nyumba, hasa ule unaopigwa na mvua.

Ngozi kavu, ngumu, yenye nyufa

Tazama ufa kwa lenzi kabla ya kuamua. Kwenye majaketi mengi ya kondoo, kama B-3 ya Jeshi la Anga la Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1934, upande wa ngozi ulipakwa rangi nzito yenye kutengeneza ganda. Ganda hilo hupasuka lenyewe huku ngozi ya chini ikiwa bado nzima. Hapo huna ugonjwa wa ngozi, una uzee wa rangi, na ni sehemu ya historia ya koti. Liache. Kulipaka rangi mpya hufuta uso wa asili, na mnunuzi anayejua hataligusa.

Ufa ukiingia hadi kwenye nyuzi za ngozi, uliza koti lilikaa wapi. Likiwa lililoshwa kisha kukaushwa juani, nyuzi zimeshagandana na hakuna mafuta yatakayoziachanisha. Likiwa limekaa tu mahali pakavu mno, lipe wiki kadhaa kwenye unyevu wa asilimia 50 kabla ya kulikunjua. Mara nyingi hulainika kiasi cha kushangaza bila dawa yoyote. Watunzaji wa makumbusho walikuwa wakipaka mafuta ngozi zote kwa utaratibu; wengi wameacha, kwa sababu mafuta hubadilika kuwa gundi, huvuta vumbi na huiva kuwa asidi.

Ngozi ya kondoo iliyooza ni jambo jingine. Unaishika begani, inachanika kama karatasi iliyolowa. Asidi iliyobaki tangu kiwandani imekata nyuzi, na hilo halirudishwi. Jaketi la namna hiyo halivaliwi tena wala halitundikwi kwenye kiango cha waya, maana uzito wake wenyewe utalipasua mabega. Lilaze, lijaze karatasi isiyo na asidi mikononi na mabegani, na mpasuko uungwe kwa nyuma na mtunzaji mwenye ujuzi, kwa kitambaa chepesi na gundi inayoweza kuondolewa. Fundi viatu wa mtaani ni hodari kwa kazi yake, lakini sindano yake na gundi ya mpira kwenye ngozi kama hii hufungua mashimo mapya pembeni ya lile la zamani.

Mikono yako inabaki na unga mwekundu

Makoti marefu ya ngozi ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mikanda, mifuko ya ramani na kofia za miaka ya 1910 na 1920 huwa na dalili hii. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hunyonya moshi wa makaa na gesi za salfa hewani, nazo huwa asidi ndani yake. Uso unakuwa unga wa kahawia iliyoiva kuelekea wekundu.

Usiitie maji. Tone moja huacha doa jeusi gumu lisilofutika. Usiipake mafuta wala nta. Kinachosaidia ni kuifunga ili isiendelee kumwagika, kwa dawa ya watunzaji iitwayo Klucel G iliyoyeyushwa kwenye alkoholi, inayopakwa kidogo kidogo. Haiponyi, inashikilia tu. Kama huipati, mfuko wa kitambaa cha pamba kisicho na rangi na mikono yenye glavu zitailinda vya kutosha.

Ute wa kijani kwenye shaba, na zipu isiyosogea

Ute wa kijani unaoonekana kuzunguka vifungo vya kofia ya ngozi au misumari ya miwani hutokea mafuta ya ngozi yanapokutana na shaba. Asidi za mafuta hula shaba na kutengeneza nta ya kijani. Ukiona umezidi ghafla, mtu amepaka mafuta karibuni. Utoe kwa kijiti cha meno na kipamba kikavu, mara kwa mara. Siki na ndimu, ambazo hung'arisha sufuria vizuri, huingia kwenye ngozi na kuendelea kula baada ya wewe kumaliza.

Zipu iliyokwama isilazimishwe. Ichunguze kwanza: jino lililopinda, uzi wa bitana ulioingia katikati, au utepe wa pamba uliosinyaa kwa kufuliwa hadi meno hayapatani tena. Hivi vitatu havina uhusiano na kilainishi. Kama meno yako sawa na kuna ganda la kijivu tu, sugua penseli laini au nta ya nyuki pande zote mbili, sogeza kidogo, rudisha, sogeza tena. Mafuta ya kupulizia ya gereji hufanya kazi haraka na kuacha doa kwenye utepe milele.

Mpira unanata, au unavunjika

Barakoa za oksijeni ndizo zinazoumiza moyo. A-14 ya Wamarekani, ambayo mizizi yake ni kazi ya Dk. Arthur Bulbulian wa Mayo Clinic, na barakoa za Kiingereza za aina ya G na H, zote ni mpira, na mpira unakufa kwa njia mbili. Ukinata na kuacha alama ya kidole, minyororo ya molekuli zake inakatika. Ukikakamaa na kupata nyufa nyembamba pale ulipokunjwa, umeshambuliwa na oksijeni na ozoni. Joto na mwanga huharakisha yote mawili, na shaba inayougusa mpira huongeza kasi.

Unaonata usiufunge kwa gazeti wala kitambaa; vitashikana na hutavitenganisha. Tumia karatasi ya silikoni ya kuokea. Uliokakamaa usiunyooshe kwa maji ya moto. Ujaze kwa ndani sifongo laini ya poliethilini ili usiporomoke kwa umbo lililokosewa, uuweke gizani, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Mpira uliokufa haufufuki, lakini umbo lake linaweza kuokolewa.

Hapa kuna onyo la afya. Wauzaji wengi huita barakoa za kukinga gesi "barakoa za marubani". Chujio za barakoa nyingi za Kiingereza za gesi za Vita ya Pili zina asbesto. Usivae, usipulize, usifungue chujio. Chombo hicho kifungwe kwenye mfuko mzito na kibandikwe maandishi ya onyo.

Kioo cha miwani kimekuwa cha njano

Kuna njano tatu. Ya kwanza ni kioo kilichotiwa rangi makusudi kwa ajili ya mwanga mkali au ukungu. Hii ni sawasawa kote na ukingo wake ni safi. Ya pili ni ya vioo vya tabaka. Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza ya kioo kisichotawanyika mwaka 1909, akiweka seluloidi katikati ya vioo viwili, na miwani mingi ya marubani ikafuata mtindo huo chini ya jina la Triplex. Seluloidi ile ya katikati hugeuka njano hadi kahawia na kuachana na kioo kuanzia pembeni, ikaacha mapovu na michirizi inayofanana na uchafu. Haioshwi. Ukiiloweka, maji huingia kati ya tabaka na kumaliza kilichobaki.

Njano ya tatu ni ya lenzi ambayo yote ni plastiki. Ikinuka siki, imejipinda na kutoa jasho, ni asetati ya selulosi. Ikinuka ukali wa kafuri au wa asidi, na imejaa nyufa za utando wa buibui, ni naitreti ya selulosi, yaani seluloidi yenyewe, na hiyo hushika moto kwa urahisi wa kutisha. Zote mbili hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma cha fremu na ngozi ya kofia iliyo jirani. Zitenge. Usizifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana mvuke ukibanwa huzila zenyewe haraka zaidi. Zipo karatasi maalumu za watunzaji zinazobadilika kutoka buluu kwenda kijani hadi njano asidi inapoongezeka. Ni vizuri kuwa nazo kama una miwani zaidi ya michache.

Matundu kwenye sufu, hariri inayopasuka yenyewe

Tundu lenye kingo zilizotafunwa ovyo, na karibu yake vijinyuzi vya hariri au vikopo vidogo vya rangi ya sufu yenyewe, ni viwavi wa nondo. Tundu dogo la duara lenye maganda ya kahawia yenye manyoya ni vibuu vya mbawakawa. Sufu iliyosagika bila tundu kamili, upande wa mkono mmoja zaidi, ni alama ya kazi: mkono uliosuguana na ukingo wa chumba cha rubani. Hiyo ya mwisho usiitengeneze.

Kwa wadudu hai, friza ndiyo dawa bora kuliko zote. Funga nguo kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya kifua ya nyumbani kwa wiki mbili, kisha itoe na uiache ifike joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, ili matone ya unyevu yajikusanye juu ya plastiki na si juu ya sufu. Usigandishe kitu chenye mpira, seluloidi, kioo cha tabaka au rangi iliyochorwa. Vidonge vya naftalini vina sumu kwa anayevipumua na hulainisha plastiki za zamani. Majani ya mwarobaini na karafuu, tunazozitumia majumbani tangu zama za bibi zetu, huenda zikamfukuza nondo anayetafuta pa kutaga. Kiwavi aliyekwisha kuingia haumizwi nazo.

Hariri ni masikitiko. Majaketi ya ngozi ya A-2 ya marubani wa jeshi la Marekani, ya miaka ya 1930, yalitiwa bitana ya hariri kabla ya pamba kuchukua nafasi, na ovaroli ya Sidcot, aliyoibuni rubani Mwaustralia Sidney Cotton mwaka 1917, ilikuwa na tabaka la hariri la kuzuia hewa katikati. Cotton aligundua kwamba ovaroli yake iliyojaa mafuta ya injini ilimpa joto angani wakati wenzake waliovaa visafi walikuwa wakiganda. Hariri ya zamani hupasuka kwa mistari iliyonyooka kwenye mikunjo bila kuguswa, hasa ile iliyotiwa chumvi za madini kuiongezea uzito. Usiikunje, usiishone. Weka kitambaa chembamba cha kuishikilia juu yake na upunguze mara za kuifungua.

Harufu ya kizamani

Kwa pwani, mkono huenda wenyewe kwenye chetezo. Usifukize koti la kondoo kwa udi: moshi hukaa ndani ya sufu na masizi hushika mafuta ya ngozi. Lilaze kwenye sanduku pamoja na bakuli la mkaa ulioamilishwa, lisigusane nao, uubadilishe kila mwezi. Kama harufu ni ya siki, rudi kwenye sehemu ya plastiki. Kuna kitu mfukoni au kwenye kifungo kinachooza.

Linadaiwa ni la vita, lakini kuna kitu hakikai sawa

Marobota ya mitumba kutoka Marekani na Ulaya huleta makoti ya mtindo wa rubani kila msimu, na mengi ni nakala za kiraia zisizo na kosa lolote. Kosa ni kuyauza kama ya mwaka 1943. Hapa dalili ni nyingi, nazo nazipenda kuliko zote, kwa sababu nguo yenyewe hujibu ukiiuliza vizuri.

Anza na mifuko. A-2 iliyopitishwa rasmi mwaka 1931 ina mifuko miwili ya kifuniko chenye kifungo cha kubonyeza, na haina mifuko ya pembeni ya kupasha mikono. Ukiikuta ina mifuko hiyo, unashika toleo jipya. Jeshi la Anga la Marekani lilirudisha A-2 mwaka 1988, kwa ngozi ya mbuzi, na mifuko ya pembeni ikaja baadaye.

Lebo. Ya wakati wa vita husoma mali ya Air Force, U.S. Army, na namba nyingi za mikataba huanza na W535-ac. Jeshi la Anga la Marekani likawa huru Septemba 1947, kwa hiyo lebo ya jaketi la "1943" inayosema U.S. Air Force imejifichua yenyewe. Lebo nzuri hunakiliwa kwa ustadi leo, na lebo halisi huhamishwa kutoka koti bovu kwenda koti bandia. Tazama matundu ya sindano kuzunguka lebo: mstari wa pili wa matundu matupu unasema lebo hii haikuzaliwa hapa.

Uzi. Chukua taa ya kukagulia noti bandia, zima taa za chumba. Uzi wa pamba wa zamani hubaki mfifu. Uzi wa kisasa uliotiwa weupe wa kemikali hung'aa buluu. Lakini kama nguo nzima inang'aa, huenda imefuliwa kwa sabuni ya kisasa tu, na hapo kipimo hakisemi kitu. Ukipata kijiuzi kilichokatika chenyewe, kichome kwa kibano: pamba huwa jivu jepesi lenye harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka kuwa shanga ngumu. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na haikufika kwenye nyuzi za kawaida hadi miaka ya 1950. Kitambaa cha kunata cha Velcro, hataza ya mwaka 1955, hakina nafasi kwenye koti la vita.

Zipu iwe ushahidi wa mwisho, si wa kwanza. Bohari za jeshi zilibadilisha zipu na sufu za kiunoni wakati vita vikiendelea. A-2 yenye zipu isiyo yake inaweza kuwa halali kabisa. Kataa tu ile ambayo zipu ya plastiki imeshonwa kwa uzi uleule ulioshona koti zima.

Michoro mgongoni na viraka vya kifuani ndipo pesa nyingi hupotea. Koti halisi lisilo na mchoro huwa na bei ya kawaida. Likipakwa ndege na mabomu, bei hupanda mara kadhaa, na mtu mwenye brashi anajua hivyo. Weka lenzi juu ya ufa. Kama rangi imepasuka pamoja na ngozi, ilikuwepo ngozi ilipopasuka. Kama rangi imetiririka ndani ya ufa na kuujaza, ilipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kuzeeka. Kwa kiraka, inua ukingo kidogo kama uzi umelegea: ngozi iliyo chini yake iwe na rangi nzito na usafi kuliko ya pembeni. Zikilingana, kiraka kimewekwa jana. Bendera za Kichina zenye maandishi ya kuomba msaada, zilizoshonwa na marubani wa Marekani waliopigana China, zinaghushiwa kupita kiasi. Bila karatasi za familia ya rubani mimi huzihesabu bandia.

Kwa vifaa vya Kiingereza, tafuta muhuri wa AM wenye taji na namba zinazoanza na 22C, fungu la mavazi ya kurukia. Wizara ya Anga iliyotumia muhuri huo iliingizwa kwenye Wizara ya Ulinzi mwaka 1964. Taji lenyewe linasema: la mabega ya mviringo ni la wafalme, na baada ya Elizabeth II kuvikwa taji mwaka 1953 likaja lenye mabonde juu. Mabawa ya kifuani yenye taji la malkia kwenye sare ya "1940" yamechelewa miaka 13. Jaketi la Irvin, la ngozi ya kondoo, lililotokana na Mmarekani Leslie Irvin na kiwanda chake cha Letchworth, liwe na zipu za mikononi na mkanda kiunoni. Vipande vingi vidogo vya ngozi si dosari, vilishonwa hivyo ili kupunguza upotevu wa ngozi vita vilipoendelea.

Kwenye mitumba utakutana zaidi na MA-1, jaketi la nailoni la marubani wa Marekani. Lebo ya kijeshi hutaja MIL-J-8279, namba ya maelezo ya jeshi ya jaketi hilo, na namba za mikataba ya miaka ya 1960 hadi 1977 huanza na DSA. Bitana ya rangi ya chungwa, ya kugeuzwa nje ili waokoaji wamwone rubani, haikuwepo kwenye matoleo ya kwanza ya miaka ya 1950. Jaketi la G-1 la wanamaji wa Marekani lina alama rahisi zaidi: herufi USN zilizotobolewa kwa matundu kwenye kipande cha ngozi kinachozuia upepo nyuma ya zipu.

Saa au dira haing'ai tena

Saa za marubani na dira za mkononi zilipakwa rangi ya radiamu ili zisomeke usiku. Kinachokufa ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1600 ili nusu yake tu iishe, kwa hiyo saa iliyo giza ina mionzi karibu ile ile ya siku ilipotoka kiwandani. Zilizo na herufi T ndani ya duara, za kuanzia miaka ya 1960, zina tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Hizo zimekwisha kweli. Rangi iliyoungua kuwa kahawia kwenye saa isiyo na T uichukulie kuwa radiamu. Usifungue kioo, usikwangue, usimpe fundi saa bila kumwambia, usiihifadhi chumba cha kulala. Kioo kikivunjika, vaa glavu na barakoa, kusanya kwa kitambaa chenye unyevu, usifagie, fungia vyote kwenye mfuko.

Na kuhusu suti za umeme, kama F-3 ya volti 24 iliyowapa joto wafanyakazi wa ndege za mabomu: ukiona waya umechomoza kwenye kitambaa, usiujaribu kwa betri kuona kama unafanya kazi. Nyaya ndani zimekatika mahali usipopaona, na kitambaa kinachozizunguka kimekauka kwa miaka 80. Acha wazo hilo, ingiza waya upande wa ndani, na uilaze suti bila kuikunja.